Mafuta ya Nywele Usoni mwa Mama

"Shemeji, usinikaripie kama mtoto. Mafuta ni mafuta," alisema mdogo wa mumewe.

Mama Pacha alikuwa ameshasema mara mbili kwamba si kila mafuta yanafaa. Aliinama juu ya skana. Harufu tamu, nzito, ikampanda puani.

Kazi ya kunakili picha za zamani haina miujiza. Negativu, yaani filamu ya picha, pana kama jalada la daftari, hulazwa kwenye kioo, humiminiwa dawa nyepesi kama mafuta inayoziba mikwaruzo na kukauka yenyewe, hufunikwa plastiki, kisha skana huisoma polepole mpaka nyuzi za nguo zionekane mojamoja. Dawa ilikuwa imekwisha. Mama Pacha akasema wasubiri. Shemeji huyo, ambaye kusubiri kwake ni ugonjwa, akaenda bafuni akarudi na chupa ya mafuta ya nywele, akayamimina juu ya negativu.

Ingekuwa negativu ya mteja, wangeomba radhi. Hii ilikuwa ya mama mkwe, marehemu, picha pekee aliyowahi kupigwa, na ukoo mzima ulikuwa ukiisubiri itundikwe ukutani, ukubwa wa mlango.

"Angalia kwanza, ndipo unune," alisema shemeji, akaikuza kwenye kompyuta.

Akaangalia, akajuta. Shavuni mwa marehemu palikuwa na alama ya kidole gumba, mistari minene kama matuta ya shamba, na kati ya matuta, ganda la karanga. Unywele wa ndevu ulikuwa umelala mdomoni mwake. Yaani jamaa alikuwa akitafuna huku akimlaza mama yake kwenye kioo.

Shemeji akasema hayo yote kompyuta inayafuta, tena ameshaanza. Akafungua faili jingine: shavu laini kama kigae kipya. Mama Pacha alikodoa macho kabla hajajua kilichokosekana. Makovu ya ndui. Pacha wake walipokuwa wachanga waliyapapasa makovu yale mpaka usingizi ukawachukua.

"Umemfuta mama yako."

"Nimempendezesha. Nani anataka makovu makubwa kama sahani ukutani?"

"Mimi. Na kaka yako."

Shemeji akanung'unika kwamba filamu ya zamani namna ile ikisafishwa itabanduka, na lawama zitamwangukia Mama Pacha. Heri wapeleke hilo faili safi, yaishe.

Mama Pacha alijua kwamba huenda ikabanduka. Alijua pia kwamba mafuta yalikuwa yakizidi kupenya. Akalifuta lile faili, kisha akakinga kiganja.

"Funguo za mlango. Na ukanawe, unanuka karanga."

Shemeji alipotoka, Mama Pacha akakomea mlango. Plastiki ikabanduka kwa mlio wa mtu anayekula mdomo wazi. Akamwagia pamba spiriti, akaanza kuifuta negativu pembeni, mbali na uso. Pamba ikatoka ya manjano kwa mafuta. Akaitupa, akachukua nyingine.