Mstari wa Kwanza

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa nne asubuhi, wakubwa wa ofisi ile walimzika mke wa fundi kufuli kwa mara ya pili. Kaburi la kwanza lilikuwa na miezi mitano tu.

Fundi mwenyewe alikuwa kibandani akichonga funguo, hana habari. Alijua Ijumaa, alipovaa shati lake la heshima akaenda ofisini kusomewa maneno ya mkewe.

Marehemu alikuwa mfasiri wa programu za kompyuta katika ofisi ile. Alizitia katika lugha yao ya nyumbani, ile ambayo karibu kila herufi yake ina kikofia au nukta chini. Juu ya kila sentensi mfasiri huweza kuacha dokezo kwa wenzake. Humo alimwandikia mumewe utani, jioni akamsomea, maana fundi aliishia darasa la tatu. Siku ya kulazwa alimwambia, "Faili la mwisho lina lako. Nikichelewa kurudi, shemeji yako akusomee."

Akachelewa moja kwa moja. Na fundi hakwenda upesi. Alitaka abakiwe na neno moja ambalo mkewe hajamwambia bado.

Shemeji, aliyekaa meza moja na marehemu, alifungua faili, akasogeza uso karibu na kioo.

"Soma basi. Au kanitukana?"

"Shemeji, herufi zimeliwa."

Kioo kizima kilikuwa alama za kuuliza, zimening'inia kama ndoano dukani. Maneno matatu tu yalisalimika: mume, dirisha, kesho.

"Zimeliwa na nini?"

"Jumanne tulihamia kompyuta mpya. Meneja akapitisha mafaili yote kwenye programu yake. Ile haitazami faili, inaiuliza kompyuta: wewe unatumia herufi za namna gani? Kompyuta ikataja zake. Kila herufi isiyoijua ikaigeuza alama ya kuuliza, ikahifadhi palepale juu ya faili la zamani."

"Marehemu hakuandika zake ni za namna gani?"

"Aliandika. Mstari wa kwanza, kila faili."

Fundi akacheka kikavu. "Mimi shule ilinishinda, lakini mtu akiniletea kufuli natazama kufuli. Siendi kuuliza mlango wa jirani!"

"Nilimwambia. Akasema kwake inafanya kazi vizuri."

"Na mashine za zamani?"

"Zilibebwa siku ileile. Chuma chakavu."

Meneja akapita, simu sikioni, akampa mkono wa pole ulio huru. "Hitilafu ya mitambo, mzee wangu." Ndiyo kawaida yao. Kikiharibika kitu, ni mitambo. Kikienda sawa, ni wao.

Nyumbani fundi alifungua dirisha la chumbani, akalifunga. Akafungua la jikoni. Alikagua komeo, fremu, hata vumbi la pembeni, asione kinachomwambia kitu. Kesho yake akayafungua yote mawili tena, akakaa kitandani upande wake, ule wa ukutani, kama vile mwingine una mwenyewe.

Barua kwa meneja ilimchukua siku tatu, herufi kubwa kubwa, karatasi imetoboka kwa kufutwa. Aliipeleka mwenyewe mapokezi. Wiki ya sita sasa bila jibu, na kila anayepita kibandani akiwa na bahasha humfanya aweke tupa chini.

"Mstari wa kwanza ulikuwepo," aliandika. "Kabla ya kuandika juu ya maneno ya mke wangu, mlimuuliza nani?"