Paa la Ukumbi wa Zamani

Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, seremala alikata miguu ya viti vya ukumbi kwa mara ya tatu mwaka ule, kwa kuwa paa lilikuwa limeshuka tena.

Ukumbi ulijengwa na mababu: nguzo za magogo yenye magome yake, kuta za mawe ya mtoni, vigae vya mbao juu. Kila mwenyekiti alipodanganya, jengo zima lilizama ardhini shubiri moja, sakafu tu ikibaki palepale, taratibu, bila kumwagia mtu chai. Mwenyekiti alisema ni udongo tu, likazama tena.

Uongo mkubwa ulikuwa mmoja. Mkunga alikuwa ameomba chumba cha nyuma cha ukumbi kwa miaka sita, maana wanawake walijifungulia jikoni kwake, ubavuni mwa gunia la mkaa.

"Dada yangu, tunalishughulikia," mwenyekiti alimjibu kila kikao. Chumbani mlikuwa na pikipiki yake na mabati ya shemeji yake.

Kufikia mwezi wa kumi viti havikuwa na miguu ya kukata. Wajumbe walikaa mikekani, halafu wakalala chali. Mtu mzima na kitambi chake, eti anaunga mkono hoja kwa kuinua kidole gumba cha mguu!

"Akidi imetimia," alisema katibu, pua ikigusa boriti.

Mkunga aliingia akitambaa. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Jamani, juzi mtoto amezaliwa jikoni kwangu, kidogo aangukie kwenye jiko la moto. Chumba kina pikipiki. Hakuna anayeshughulikia chochote, na nyote mnajua!"

Ukumbi ukapanda. Watu wakaketi, kisha wakasimama, wakajipangusa magoti. Seremala akapiga makofi mpaka viganja vikamuwasha.

"Dada, umetuokoa," alisema mwenyekiti, akijinyoosha mgongo. Wakapitisha kwa kauli moja kwamba mkunga awe mjumbe wa kudumu, na kila kikao kifunguliwe kwa yeye kusema ukweli, dakika mbili, zisizidi. Katibu akaandika.

"Na chumba?" aliuliza mkunga.

"Hilo tunalishughulikia."

Paa likashuka shubiri moja. Wajumbe wote wakamgeukia mkunga, wakamngoja aseme kitu.