Gari Lenye Jina

Wiki nzima nilikuwa sikai. Nikiketi nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia. Chai inapoa mezani, mimi niko dirishani nachungulia kama gari langu la zamani limepita. Likipita, roho inanitoka. Lisipopita, ndiyo kabisa.

Kazi yangu ni kupeleka watoto shule. Kwa miaka niliifanya kwa gari ambalo watu wanaliita Chuma. Si jina la kiwandani, ni sifa ambayo aina ile yote imejipatia, na mtu akinunua moja majirani humpa hongera kama aliyejifungua salama. Likizima njiani, mafuta yalikuwa machafu. Likivuja, barabara ndiyo mbovu. Gari lile halijawahi kukosea, kila mara yupo mwingine wa kulaumiwa.

Langu likaanza kuugua breki. Unakanyaga, pedali inazama mpaka sakafuni, gari linaendelea na safari zake. Mpaka ukanyage tena na tena ndipo lishike. Nililipeleka gereji, likapona, likarudia, likapona, likarudia. Nikasema basi, watoto wa watu si wa kufanyia bahati nasibu. Nikatafuta gari jingine, dogo, jipya zaidi, lenye mikanda kwenye kila kiti na breki zinazoshika ukizigusa tu. Lina kosa moja. Ni la aina ambayo watu wanaiita Kopo.

Siku ya kwanza nilipofika nalo, mama wa mapacha alilizunguka, akaligonga mlango kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Anti, hili litawabeba watoto, au watoto watalibeba?"

Walicheka, na mimi nikacheka nao. Sikujua kwamba ndiyo walikuwa wananiaga.

Chuma alilinunua Kapteni, mtu ambaye hajawahi kuongoza hata mtumbwi. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kofia yake ya unahodha. Sikumficha. Nilimkalisha kwenye usukani nikamwambia akanyage breki. Pedali ikazama. Akakanyaga tena na tena mpaka ikashika, akatabasamu.

"Si umeona? Imeshika. Gari hizi hazina ugonjwa, mama, zina mafua tu."

Akaniapia kwamba atabadilisha mfumo wote wa breki kabla hajapakia mtu. Muda si muda alikuwa amepakia watoto wangu. Walihama mmoja mmoja, wazazi wao wakinikwepa macho, na wa mwisho kuhama alikuwa binti wa mdogo wangu wa tumbo moja, anayeniita mama mkubwa na niliyekuwa nikimbeba bure.

Nilimsubiri Kapteni kwenye geti la shule. "Breki umetengeneza?"

"Nimezizoea," alisema.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba. Mama wa mapacha aliniambia riziki anagawa Mungu. Mwalimu mkuu alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akaniuliza biashara inaendeleaje. Askari wa barabarani alilipiga Chuma kofi la upendo kwenye boneti, akasema kaka yake analo kama hilo, na hajui gereji inafananaje. Nilipandisha sauti, akaniambia nikapumzike. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuling'oa geti la watu, na kila nilivyozidi kukasirika ndivyo nilivyozidi kuonekana nina kijicho.

Kesho yake asubuhi nikaenda kwa mdogo wangu. Nyumba yake iko kwenye mtelemko unaoishia barabara kuu, ile ya malori. Nilimkuta anamfunga mtoto viatu.

"Dada, chai ipo."

"Sikuja kunywa chai. Mtoto asipande lile gari."

"Umeanza."

"Nimeliendesha mimi. Nalijua."

"Si ndiyo wewe uliyekuwa unalisifu hapa hapa? Ulisema hakuna gari kama Chuma, ulisema hayo mengine ni makopo ya maziwa. Leo ni la mwenzio, limekuwa jeneza?" Alisimama, akajifuta mikono kwenye kanga. "Dada, watu wote wanasema ni wivu. Mimi ndiye ninayekuambia usoni, kwa sababu wewe ni ndugu yangu."

Iliniuma, maana makopo ya maziwa kweli niliyasema, tena kwa mbwembwe. Nikatoka nje bila kuaga, nikaingia kwenye Kopo langu, nikawasha injini kwa sababu tu mikono ilitaka kufanya kitu.

Kwenye kioo nikaliona Chuma linakata kona huko juu, limejaa vichwa vya watoto. Lilitakiwa lipunguze mwendo, maana binti yetu alishasimama getini na begi lake. Halikupunguza. Nikaona kofia ya Kapteni inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, nikajua mguu wake unafanya nini kule chini. Chini yake mtelemko, mbele yake malori.

Sikufikiri. Nilitia gia, nikaingia barabarani mbele yake, nikateremka naye njia moja mpaka akanifikia. Lilinigonga kwa nyuma, puu, shingo ikanirudi kwenye kiti. Ndipo nikaanza kukanyaga breki, taratibu kwanza, kisha kwa mwili wangu wote. Chuma lilinisukuma, matairi yangu yakalia, nasi tukasimama tumebanana hivyo hivyo. Lori likapita mbele yetu likipiga honi.

Nilishuka mbio kuwafungulia watoto. Walikuwa wanalia, lakini walikuwa wazima. Niliwashika kichwa mmoja mmoja kuhakikisha.

Watu wakajaa. Wakaangalia nyuma ya Kopo, buti lote limekunjamana mpaka kwenye kiti. Wakaangalia mbele ya Chuma. Bampa lilikuwa na rangi yangu kidogo, basi.

"Uliingiaje barabarani bila kuangalia?" mtu aliniuliza.

"Hana breki," nilisema. "Muulizeni mwenyewe."

Kapteni alikuwa analowa jasho. Alilitazama gari lake, akawatazama watu, nami nikamwona anachagua.

"Amenikatia mbele," alisema. "Mmeona wote. Na mmeona nani kaumia."

Mzee mmoja alilipapasa lile bampa. "Gari ni gari," alisema, na wengine wakaitikia. Mtu akaingiza kidole kwenye buti langu lililokunjamana, akawaonyesha wenzake. Mdogo wangu alikuwa ameshafika, amemshika mwanawe mkono, anahema. Alitazama gari moja, akatazama la pili.

"Dada," alisema polepole, "wangekuwa ndani ya hili lako, leo tungekuwa tunalia msiba."

Niligeuka kumtafuta hata mtu mmoja wa kunielewa. Sikumpata. Nikasikia Kapteni anasema, "Haya, pandeni, mnachelewa shule." Watoto wakaanza kupanda. Mdogo wangu akamvua mwanawe begi, akaliingiza mlangoni, kisha akamnyanyua mwenyewe.

Nilipitisha mkono kwenye dirisha la dereva la Chuma, nikachomoa ufunguo, nikaanza kuupanda mtelemko. Mtu akasema mwizi huyo, kwanza kwa utani. Wa pili hakutania. Nikasikia viatu vingi nyuma yangu, na katikati yake sauti ya mdogo wangu.

"Dada, rudisha ufunguo. Unatuaibisha."

Nikavua viatu, nikakimbia.