Saa ya Upande wa Pili

Jumanne ile Elieza alikuwa akikunja mashati pikipiki iliposimama mlangoni, na mama mmoja asiyemjua akashuka na kikapu, viatu mkononi, upindo wa kitenge umelowa maji ya ziwa.

"Nimekuletea mgeni," alisema Gasper, bodaboda wa mtaani kwao Katubuka. "Nimemkuta ufukweni Kibirizi anauliza mtu aliyeandika ratiba za boti. Jina lako si liko kule chini ya ukurasa wa mtandaoni?"

"Shikamoo, mama," Elieza alisema.

"Marahaba, baba. Ni weye uliandika hii?" Alimnyooshea simu. "Inasema boti ya Kagunga inatoka saa mbili. Nimetoka Kalemie, kule Kongo, nimefika hapa alfajiri, nikakaa kwa mama wa chai nikiangalia simu. Saa mbili kamili nikateremka. Boti imeondoka, wanasema lisaa lizima limepita."

Elieza alitazama pembe ya skrini, kisha saa ya ukutani kwake. Simu ya mama ilikuwa nyuma kwa saa moja. Ilikuwa bado inafuata saa ya Kongo, na ukurasa wake haukusema popote kwamba saa mbili ile ilikuwa ya Tanzania.

Kosa hilo alilijua. Alilitengeneza mwenyewe miaka mitatu nyuma, alipoajiriwa na mradi wa vyama vya maboti, na kabla hajalirekebisha akapata kazi Arusha. Akamwandikia atakayemrithi: *kumbuka kurekebisha saa.* Hakuna aliyemrithi. Arusha alitengeneza tovuti za watalii miezi saba, akaenda Dar, akaenda Kigali, akarudi Dar, akarudi nyumbani. Dada yake Recho alizoea kumwambia ana miguu ya moto, hawezi kukanyaga mahali pamoja.

"Mama, samahani sana. Ulikuwa unawahi nini?"

"Kaka yangu Jean. Wanamzika leo alasiri, hukohuko Kagunga."

Gasper alivua kofia yake ya pikipiki.

Mama huyo, aliyejitambulisha kwa jina la Angelina, hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomkata zaidi. Alisema kuna boti ya mizigo mchana; atafika jioni, atakuta udongo. "Mimi basi. Ila binti zake wawili, Agnesi na Catherine, wako njiani kutoka Moba. Watavuka kesho usiku, watashuka bandarini Alhamisi asubuhi. Ijumaa tunaondoa matanga. Wakikosa boti ya Alhamisi, ingine ni Jumamosi. Na huu ukurasa niliwatumia miye mwenyewe, kwa picha."

"Wapigie."

"Tangu asubuhi. Hawapatikani."

"Ukurasa naurekebisha sasa hivi," alisema Elieza, ingawa wote watatu walijua picha haitarekebika. Akaongeza, kabla hajafikiri: "Na Alhamisi nitakuwa bandarini mimi mwenyewe. Nitawapokea na kuwapandisha boti. Nakuahidi, mama."

Angelina alimwandikia namba zao kwenye kipande cha karatasi na kuondoka na Gasper.

Recho alitokea jikoni na mwiko. "Alhamisi? Alhamisi si unapanda basi la Dodoma?"

Elieza alikaa kitandani, juu ya mashati.

Basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ijumaa saa tatu alitakiwa kuripoti kwenye kampuni inayotengeneza mifumo ya hospitali, kazi ya kwanza yenye mkataba wa miaka miwili, kazi ambayo alikuwa ameomba kwa kusali. Meneja alimwambia wazi kwenye simu: "Usipofika Ijumaa, aliyekufuata kwenye usaili yuko tayari."

Usiku huo na uliofuata alijigeuza kitandani kama samaki kaangoni. Alitamani kuondoka, alitamani kubaki, alitamani awe tayari ameshafika popote. Mwishowe akapata njia: Gasper angewapokea. Alimpa karatasi yenye majina na namba. Gasper alisema, "Hiyo ndogo, bro."

Alhamisi, stendi. Begi lake liliingia kwenye buti la basi, na juu yake kondakta akapanga madumu ya mawese na magunia ya dagaa. Elieza alikaa dirishani, kompyuta yake mapajani, akampigia Gasper.

"Niko na abiria wa Mwandiga, mwanangu, nimemkuta hapahapa. Nikimshusha nageuza. Boti si saa mbili? Nitawahi tu. Nisipowahi, nitamwambia mwenzangu awaangalie."

*Nitamwambia mwenzangu.* Elieza aliisikia sauti yake mwenyewe ndani ya maneno yale. Injini iliwaka. Akasimama.

"Nashuka! Nitolee begi langu, kaka."

"Begi liko chini ya mawese," alisema kondakta. "Niteremshe mali za watu wote kwa sababu yako? Unakwenda au huendi?"

Vyeti vilikuwa ndani ya begi. Na shati jipya alilolishona Recho.

"Siendi," alisema Elieza, na basi likaondoka na begi.

Alifika bandarini akihema. Boti ya Kalemie ilichelewa kufunga gatini. Saa moja na robo ndipo abiria wakaanza kutoka langoni. Wanawake wawili waliovaa vitenge vya sare walimpita, wakaenda kwa mama wa chai, wakavuta benchi. Mmoja aliangalia simu.

"Tulia, Agnesi. Saa kumi na mbili na robo. Kunywa chai."

"Dada zangu," Elieza alisema, "hapa ni saa moja na robo."

Walimkagua toka juu hadi chini. "Weye nani?"

"Shangazi yenu Angelina amenituma. Mimi ndiye niliyeandika ile ratiba."

"Aa! Ndiye weye!" Catherine aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Tungekuchapa, ila tuna haraka."

Walikwenda Kibirizi kwa pikipiki mbili, wanawake kwenye moja, yeye na furushi lao kwenye nyingine. Walikuta boti inajaa. Elieza aliingia majini mpaka magotini, akamshika mkono Agnesi, kisha Catherine, kisha akarusha furushi.

Begi lake lilikuwa linapanda milima ya Kasulu. Kesho saa tatu mtu mwingine angekaa kwenye kiti chake Dodoma. Viatu vilikuwa vimejaa mchanga.

Nahodha aliwasha mashine. Catherine, aliyekuwa ameinama akibonyeza simu yake, akainua uso, akaigeuza ili Elieza aione kutoka ufukweni.

Saa mbili na dakika nne. Ya upande huu.