Mawe Yaliyokubali Kuvunjika

Kila mlima uliowahi kupimwa na Mkuu wa Kitengo cha Miamba ulikuwa laini. Ripoti zake zilisema hivyo, na kwa kuwa zilikuwa na majalada magumu, watu walizisadiki.

Binti aliyeajiriwa juzijuzi alitumwa kukusanya sampuli kwenye mlima utakaopitishwa barabara. Alipiga mwamba, nyundo ikadunda. Akapiga tena mpaka kiganja kikafa ganzi. Akarudi mikono mitupu.

"Sampuli ziko wapi, mwanangu?" aliuliza Mkuu.

"Mwamba umekataa kuvunjika, mzee."

"Si uchukue mawe yaliyokubali! Chini pale kuna vifusi tele. Miaka ishirini tunafanya hivyo."

Binti akatazama rafu za maabara. Masanduku kwa masanduku, yote mawe yaliyokubali. Yaliyokataa hayakuwahi kufika.

Ripoti ilikwisha kuchapwa: tingatinga litatosha, baruti ya nini? Ilisubiri sahihi ya binti tu. Na wa kuendesha tingatinga hilo kesho kwenye uzinduzi wa barabara, mbele ya mgeni rasmi, alikuwa mjomba wake aliyemlea. Alimkuta uani akilipaka grisi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Eti mlima wenu laini?"

"Nani kasema?"

"Nyie! Mwenzangu naye aliambiwa hivyohivyo. Meno ya mashine yakakatika, wakamwita mzembe. Sasa hivi yuko kwao anafuga kuku."

Binti alirudi kwa Mkuu.

"Mzee, siwezi kusaini."

"Sema kwa sauti! Unaongea na mimi au na viatu vyako?"

Binti akaweka nyundo juu ya meza. "Basi twende ukaupige wewe."

Mkuu aliitazama nyundo, akautazama mlima dirishani, akakitazama kitambi chake.

"Andika utakalo," alinung'unika. "Ila jina liwe lako peke yako."

Binti akaandika: mwamba mgumu, tingatinga halitauweza, itumike baruti. Akasaini.

Uzinduzi ukaahirishwa wiki mbili. Mgeni rasmi alipopata habari za baruti alifurahi kama mtoto, akaomba abonyeze mwenyewe kitufe cha kulipua. Mkuu akahutubia jinsi ofisi yake ilivyougundua ugumu ule mapema. Mjomba hakusikia hotuba. Alikuwa ameegesha tingatinga mbali, miguu juu ya usukani, akingoja wenye mlima wamalizane nao kwanza.