Swali Lenye Jina la Kaka Yangu

Haruni ni kaka yangu, tumbo moja, ziwa moja, kwa hiyo nikimsema nisiambiwe namsengenya. Namsema kwa haki ya damu. Alimwoa Bimkubwa hapa kisiwani Chole, akazaa naye Mansuri, kisha akaenda Kirongwe kuangalia mikorosho ya marehemu baba. Huko akaoa mke mwingine, na mikorosho ikawa haiishi kuangaliwa. Bimkubwa hakumwacha wala hakumweka. Talaka hakutoa, matumizi hakuleta, ila kila Idi alikuja kula pilau na kulalamikia chumvi.

Nyumbani aliacha vitu viwili, mbuzi na redio. Mbuzi alikufa. Redio Bimkubwa akawa anaisikiliza tangu akirudi miambani na pweza wake mpaka anapolala, wala hachagui. Taarifa ya habari, kilimo cha maharage, mpira wa Ulaya, maisha ya popo, kwake vyote sawa. Ndiyo maana wifi yangu anaujua mji mkuu wa Mongolia, na Dar es Salaam hajafika. Ukimuuliza Mongolia anaitakia nini, atakwambia haitakii kitu.

Jambo jingine ni kwamba Bimkubwa alikuwa hamtaji mumewe jina. Kwetu hilo si ajabu, wanawake wa rika lake ndivyo walivyolelewa, mume ni Baba Fulani au ni Mwenyewe. Lakini yeye alizidisha. Mtoto wa jirani aliyepewa jina la Haruni alimwita Wajina, mpaka mtoto mwenyewe akadhani ndilo jina lake. Nilimwambia, mwenzangu, huyo mtu yuko Kirongwe, hakusikii, hebu mtaje japo kwa hasira. Akanijibu kwamba mume ni mume hata akiwa mbali, akaendelea kumpiga pweza wake alainike. Nikabaki nimekasirika mimi kwa niaba yake.

Mwaka huu kampuni moja inayouza vifaa vya sola ikaandaa chemsha bongo ya vikundi vya wilaya nzima, ukumbini Kilindoni, zawadi friza inayotumia jua. Hapo ndipo usingizi uliponipotea. Kikundi chetu cha wanawake wa Chole kinauza pweza, na mnunuzi anajua hatuna barafu. Anafika, anakaa, anaomba maji ya kunywa, anahadithia habari za watoto wake, anangoja pweza walegee, ndipo anapotaja bei. Barafu ya Kilindoni ikifika Utende ni maji baridi, ikivuka Chole ni maji tu. Yule mtu nilimchukia, Mungu anisamehe. Nilitaka friza.

Tukaenda watatu, mimi, Shadya ambaye ndiye kijana wetu wa simu, na Bimkubwa tukamfanya nahodha. Kanuni ilikuwa kwamba nahodha peke yake ndiye anayejibu. Akikosa, swali linahamia upande wa pili. Mwendesha mashindano alikuwa kijana mmoja wa Kilindoni, Faisal, mwenye adabu zake, ambaye kila raundi alianza kwa kumpa shikamoo mzee mmoja mmoja, na kila mzee akaitika marahaba kwenye kipaza sauti. Ndiyo maana tulichelewa kula.

Tukawatoa bodaboda, ambao walijua mpira tu, na hata huo wa timu moja. Tukawatoa wavuvi wa dagaa. Bimkubwa aliulizwa idadi ya mifupa ya mtu mzima, akasema mia mbili na sita bila kuinua macho. Akaulizwa mji mkuu wa Mongolia, wallahi, swali lilikuja kweli, akasema Ulan Bator. Watu wakampigia makofi. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama friza ile ina kufuli.

Fainali tukakutana na wakulima wa korosho wa Kirongwe. Nahodha wao nani? Kaka yangu, kavaa koti, na mbele yake kipande cha karatasi nene kimeandikwa HARUNI, NAHODHA, kwa herufi kubwa. Nikamsalimia kwa sababu ni mkubwa wangu. Bimkubwa akainamisha kichwa kidogo kama mke anavyomwinamia mumewe. Kaka yangu akamjibu kwa kidevu.

Tukaenda sambamba. Bimkubwa akajua kwamba Kombe la Dunia la kwanza lilichezwa Uruguay, na kwamba sayari yenye pete zile kubwa ni Zohali. Haruni naye hakuwa mjinga, nisimpunje, kwa siasa na historia yuko vizuri. Lakini kuna swali waliloulizwa, samaki gani ni mkubwa kuliko wote duniani. Kumuuliza hilo mtu wa Mafia ni kumpa sadaka. Akajibu papa potwe, kisha akasimama na kuwapungia watu mkono kama aliyemzaa huyo papa.

Likabaki swali moja, letu, na tulikuwa sawasawa. Faisal akasoma kwenye karatasi yake: nabii gani alikuwa ndugu yake Nabii Musa, akafuatana naye kwenda kwa Firauni?

Kicheko kikaanza nyuma ya ukumbi na kuja mbele. Swali la mtoto wa chuo cha Kurani. Jibu lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa mezani, hatua chache kutoka kwetu, na nyuma yake limeketi na koti.

Bimkubwa alisema, "Ni wajina wa Mwenyewe."

Faisal alitazama karatasi yake. Akasema hilo halipo.

"Mama, nahitaji jina."

"Jina nalijua, mwanangu."

"Basi litaje."

"Siwezi kulitaja. Yuko mbele yangu."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akamkumbusha kwamba jina hilo limo msahafuni na bila shaka hulisoma. Bimkubwa akajibu kwamba kule humsoma nabii. Faisal akatazama saa. Mimi jina lilikuwa linaniwasha ulimi kama pilipili, na Shadya alikuwa amenibana goti nisiropoke. Nilimwona mnunuzi wa pweza kwa macho ya moyo, anaomba maji ya kunywa.

Hapo ndipo kaka yangu akaegemea kiti, akacheka. Alikwisha kukamata kipaza sauti cha upande wao, tayari kwa zamu. Akawaambia wenzake, na ukumbi wote ukasikia:

"Msiwe na wasiwasi. Huyu ni mke wangu, hanitaji mpaka kufa."

Bimkubwa akainua macho akamtazama. Nilidhani amekasirika, kumbe sivyo. Alimtazama kama anavyomtazama pweza aliyekaa sana juani, anapoamua kama bado anafaa.

"Haruni," akasema.

Faisal, kijana wa kanuni, akaomba arudie kwa sababu kipaza sauti hakikushika.

"Haruni," akarudia Bimkubwa, kwa sauti ya mtu anayetaja aina ya samaki. "Ndugu yake Musa."

Vigelegele vikapaa vya wasichana na vya Shadya. Wanawake wa rika la Bimkubwa hawakupiga. Nilimwona mmoja wao, Bi Jokha, amejiziba mdomo kwa kanga, na mwenzake amemshika mkono, kama watu waliosikia habari ya msiba ambao walikuwa wakiungoja. Haruni bado alishika kipaza sauti chake, hajui akiweke wapi.

Nje, tunapakia friza kwenye kigari cha kirikuu, Haruni akaja. Alimwambia Bimkubwa kwa meno yaliyobanwa kwamba amemvunjia heshima mbele za watu. Bimkubwa akamjibu vizuri tu, bila kiburi:

"Haruni, sogea kidogo friza ipite."

Akasogea. Njia nzima mpaka Utende nililia, na Shadya akadhani ni furaha ya friza. Friza nilifurahi, sikatai. Lakini nilikuwa nalilia ndoa ya kaka yangu, na nikijiona mjinga, maana miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikimhimiza amtaje.

Haikupita wiki, Haruni akaja Chole, na Idi bado. Alikuja na mfuko wa korosho. Alipopiga hodi nilisikia kutoka kwangu, maana tunapakana ua: "Karibu, Haruni." Akatolewa kiti cha wageni. Akaletewa maji kwenye bilauri ya wageni. Akaulizwa hali ya mkewe kule Kirongwe, na kama mikorosho imechanua. Bimkubwa hakuwa na uchungu wowote sautini, na hilo ndilo lililomtoa kitini. Akavuka ua akaja kwangu bila hata kubisha hodi.

"Aziza, sema na wifi yako. Asiniite vile. Aniite kama zamani."

"Zamani alikuwa akimwita mumewe."

"Kwani mimi nani?"

Nikamwambia aende akamuulize, yupo hapo, hajatoka. Alisimama mlangoni kwangu akiutazama ule mlango wa pili. Kwa Bimkubwa redio ilikuwa inasema jambo kuhusu milima ya Peru. Akaniuliza boti ya kurudi Utende inaondoka saa ngapi.