Sahani ya Mama Mkwe

Mume wangu Paulin hakuwahi kumtazama mama yangu usoni. Msidhani alimchukia. Kwetu mama mkwe ni kama moto, unauota kwa mbali. Mama akikohoa barazani, Paulin alitokea mlango wa nyuma, na wakikutana njiani hapa Makomeno, mtaa wetu wa watu wa reli, mmoja aliingia majanini mpaka mwenzake apite. Salamu zao zote zilipita kinywani mwangu. Nilikuwa posta ya watu wawili wanaopendana, na posta hiyo haina likizo.

Kitu kimoja tu hakikuhitaji maneno yangu, nacho ni sahani. Mama alipika, akafunika kwa kitambaa alichodarizi mwenyewe, mimi nikabeba. Chakula cha mama mkwe hakisazwi. Sahani ikirudi na mabaki, ni sawa na kumwambia mwenye binti aje amchukue. Paulin alikuwa jitu la mtu, dereva wa treni ya Sakania, na sahani za Mama zilirudi zimesafishwa kana kwamba zimelambwa na paka.

Huo ulikuwa wakati Katanga ilipojitenga ikawa nchi peke yake, na bendera yenye misalaba ya shaba ilipepea juu ya ofisi ya posta. Baada ya mapigano ya Septemba na askari wa Umoja wa Mataifa, ONU, Wazungu ambao Mama aliwapikia, mwenye duka la dawa na mkewe, walifunga virago wakakimbilia Rhodesia kwa mpaka wa Mokambo. Madame alimwachia Mama bati kubwa la vijiti vyeusi, vitamu, vyenye harufu ya mizizi. Mwenyewe alizoea kumumunya kipande kidogo baada ya kula, kwa ajili ya kiungulia.

Paulin naye alikuwa na kiungulia, kwa kula ovyo njiani. Mimi posta nikapeleka habari kwa Mama. Kesho yake, pembeni mwa sahani, kulikuwa na vijiti vyeusi vya kujaza kiganja.

Nikamuuliza Mama mbona Madame alikula kipande tu.

“Muzungu anajinyima ye mwenyewe,” akanijibu. “Mukwe hapimiwe.”

Paulin akatafuna vyote, maana vilikuwa ndani ya sahani. Tumbo likapoa kweli. Akanituma nimshukuru Mama, nikashukuru, na Mama, ambaye hajapata kusikia sifa bila kuongeza chungu jikoni, akaongeza vijiti.

Kisha nguvu zikaanza kumwagika kutoka kwa mume wangu. Kwanza ngazi ya kupandia treni ilimshinda, akacheka, akasema anazeeka. Halafu mikono ikakataa kuvuta breki. Miguu ikavimba. Siku moja wenzake walimrudisha mabegani, yeye aliyekuwa akibeba gunia la unga kwa mkono mmoja huku akipiga mluzi. Hakuwa na homa wala kidonda. Alikuwa amelala tu, macho maangavu, ndani ya mwili usiomtii.

Majirani walipata la kusema, si ndio kazi yao? Huyu alisema ni hewa ya mabomu ya ONU, yule akasema ni sumu. Mwingine akauliza, kwa upole ule unaouma, “Nani njo anamupikia?” Nilimfukuza na mwiko mkononi.

Hospitalini alikuwa amebaki daktari mmoja mzee, Mbelgiji, mwenye Kiswahili cha kuamrisha. Akampima shinikizo la damu, akakuta limepanda.

“Unakunywa dawa gani?”

“Hapana dawa, Docteur,” akasema Paulin.

Hakudanganya, wala mimi sikufikiri vinginevyo. Dawa hutoka kwa muuguzi. Kile kilikuwa chakula cha mama mkwe, na nani atamkagua mama mkwe?

Nikaendelea kupeleka sahani hospitalini, kama kila mwenye mgonjwa. Bukari, ugali wetu, ilimshinda, nikawa namalizia mimi, lakini vijiti alivishika mwenyewe shavuni mpaka viyeyuke. Mtu asiyeweza kukaa kitako alikuwa bado anatimiza heshima! Halafu ikafika asubuhi ambayo mkono haukunyanyuka kabisa, na taya likachoka. Akanitazama, akafumba macho. Sahani nikairudisha ilivyokuja.

Mama alifunua kitambaa. Alitazama ile bukari nzima na vijiti vyake. Nilijua anajiuliza kama ametukanwa. Kisha akasema, “Hapana, hawezi kunifanyia hivi. Basi anakufa.” Akafunga kitenge kiunoni, akalitia bati kwapani, akatoka.

“Mama, unaenda wapi?”

“Ku hopitali. Mi mwenyewe nitamulisha.”

Nilimfuata mbio. Mama yangu, ambaye angelala nje kwenye mvua kuliko kuingia chumba alicholala mkwe wake! Kwenye kizuizi askari jandarme alitaka kulipekua bati. Mama alimkemea kama aliyemnyonyesha, naye akasogea kando.

Paulin alimwona mlangoni. Niliona alichotaka kufanya: kugeuza uso ukutani, kama inavyompasa mwanaume mwenye adabu. Shingo ikakataa. Alijaribu tena, mishipa ikamsimama, kichwa hakikusogea hata kidogo. Machozi yakamtoka, yakaingia masikioni, kwa sababu hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Mama angeweza kuinama au kusimama nyuma ya kitanda. Alivuta kiti akakaa mbele ya macho yake.

“Uniangarie tu, mwana,” alisema. Ndilo neno la kwanza alilowahi kumwambia. “Mungu atatusamehe shiye wote.”

Akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mimi nilisimama pale kama siku niliyopokea komunyo ya kwanza. Kisha akafungua bati, akavunja kijiti, akakipeleka mdomoni mwa mkwe wake. Ndipo daktari akaingia.

“Hii iko nini?”

“Bonbon ya tumbo, Docteur.”

Akalichukua bati, akanusa, akasoma. “Réglisse!” Sauti yake ikapanda. “Anakula ngapi kila siku?”

“Yote ile natuma,” akasema Mama. “Ni mukwe.”

Mzee yule akakaa kitandani, miguuni mwa Paulin, akacheka na kujipiga paji la uso. Akatueleza polepole. Ndani ya damu kuna chumvi moja, si ya mezani, inaitwa potasiamu, na ndiyo inayoamrisha misuli. Mzizi ule mtamu, ukizidi, huifukuza chumvi hiyo ikatoka na mkojo, mpaka jitu linakuwa kama nguo iliyoloa.

Mama akashika kifua. “Basi mi njo nilikuwa namuua?”

“Mama, kama haungeleta hii bati, angekufa, na mimi singejua sababu.”

Wakamnyima vijiti, wakampa ile chumvi kwa maji, na machungwa na ndizi kwa wingi. Mama alirudi kwenye mwiko wake wa kutoonana na mkwe, akawa anamenya machungwa nje ya dirisha, mgongo ukituelekea. Nami nilimlinda mume wangu. Kidole kikatikisika, mkono ukanyanyuka, ukashika kikombe. Mpaka leo sijazoea ajabu hiyo. Ninapoinua sufuria jikoni huwa nasimama kidogo, nikishangaa kwamba mkono umekubali.

Kisha Mama akaja na kapu la machungwa, akaniita. Sikumsikia, nilikuwa nafua nje ya wodi. Akasukuma mlango mwenyewe, akaingia; nilipomwona nikamkimbilia.

Kitanda kililia. Paulin, bila kusaidiwa na mtu, kichwa, mabega na mwili mzima, alikuwa amegeukia ukutani.

Mama akaangusha kapu, machungwa yakabingirika mpaka chini ya vitanda vya wengine. Akapiga vigelegele wodi nzima ikaamka, akatoka mbio akilia kwa furaha, kwa kuwa mkwe wake amekataa kumtazama.